Hori Tupu Kule Napoli

Wengi mmeniuliza tulikuwa wapi Jumapili ile kabla ya Krismasi. Tulikuwa Italia kwa dada yangu mkubwa: mimi, mama watoto na binti zetu wawili. Na kabla hujauliza, si sadaka yako. Tiketi mbili alilipa dada, mbili tuliwekea akiba miaka mitatu.

Dada anaishi Roma, anamtunza mama mmoja mzee usiku na mchana. Siku yake ya kupumzika ni Jumapili tu. Sasa mimi nilikuwa na mpango wangu. Karibu na Napoli kuna mji wa Pozzuoli, ambao ndio Puteoli ya Matendo 28, pale Paulo aliposhuka melini akienda Roma, akawakuta ndugu wakamsihi akae nao siku saba. Nilitaka kukanyaga pale niwaletee picha. Dada akasema, "Leo twende ninakotaka mimi."

Tukapanda treni ya bei nafuu, ile ya kusimama kila mahali, tukafika Napoli na kutembea hadi Via San Gregorio Armeno. Ni kichochoro tu, lakini Desemba kinajaa watu kama stendi ya matatu za kwenda ushago. Pande zote ni mafundi wa sanamu ndogo za udongo za kuonyesha kuzaliwa kwa Yesu. Wachungaji wa kondoo, muuza samaki, mpika pizza, hata Maradona yuko! Mnajua msimamo wangu kuhusu sanamu. Nilishaanza kukunja uso.

Binti yangu mdogo akauliza, "Shangazi, mbona hori haina mtoto?" Akamweleza kwamba huko mtoto huwekwa usiku wa tarehe 24. Kabla ya hapo nafasi yake huachwa wazi, ikimngoja.

Halafu akaniambia bila kunitazama, "Na mimi, siku ya kumzika Mama, mliniwekea nafasi?"

Mpendwa, hili sijawahi kulisema madhabahuni. Mama alipofariki, dada hakuja. Wakati ule hakuwa na karatasi. Angetoka Italia, hangeruhusiwa kurudi, na mshahara wake ndio uliolipa bili ya hospitali. Nilijua yote hayo. Lakini udongo wa kwanza, ambao ni wa kifungua mimba, niliutupa mimi. Kisha nikashika maikrofoni nikasema kuna watoto wanaopenda pesa kuliko waliowazaa. Watu wakaitikia Amina. Mtu fulani akarekodi, akamtumia.

Miaka minane hajanitajia. Hutuma pesa, huulizia watoto. Nami nikajiambia yameisha.

Pale pale kwenye msongamano nikasema, "Dada, nilikukosea." Nikataka kuendelea, si mnanijua. Akainua mkono. "Ulisema mbele ya watu, Pasta. Usije kuyamalizia kichochoroni."

Akanunua sanamu moja, mchungaji aliyelala fofofo, akampa mtoto. "Wenzake wako zamu ya usiku kama mimi. Huyu angalau amepewa siku ya kupumzika." Tukacheka sote, tukala pizza tumesimama. Kwenye treni ya kurudi alilala begani kwa mke wangu, mdomo wazi, hadi Roma. Jioni hiyo alikuwa na dawa za kumpa yule mama.

Basi nasema mbele yenu, hasa ninyi mlioitikia Amina kaburini: nilichosema hakikuwa kweli. Jumapili hii nitakirudia madhabahuni, ibada ya pili. Nimemwomba dada awe kwenye simu. Kwetu itakuwa saa tano, kwake saa tatu asubuhi. Hajaniambia kama atapokea. Mwombeeni.