Mgeni wa Barazani

Ninayo programu moja ya kompyuta ambayo mtungaji wake amekwisha fariki, na msimbo wake hakumwachia mtu. Iliandikwa kwa ajili ya Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001, ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Ndani yake mna kadi 6,000 na ushei za maneno ya bahari: majina ya mitego, ya viungo vya ngalawa, ya pepo za kusi na kaskazi, niliyoyakusanya kwa wazee wa pwani nilipokuwa nikitafuta shahada ya udaktari. Hapana programu nyingine iwezayo kuzisoma kadi hizo.

Nguo ikitoboka hutiwa kiraka, lakini kiraka chataka fundi aijuaye nguo. Programu yangu ina matundu, mawili matatu nayajua, wala sijui mkono uwezao kuyaziba. Kuitupa siwezi, kuiacha itembee huru katika kompyuta yangu ni ujinga. WannaCry ilipoenea tarehe 12 Mei 2017, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa, kiraka cha mifumo iliyokuwa bado ikihudumiwa kilikuwa kimetolewa tangu mwezi wa Machi. Wengi walidhurika kwa kuwa hawakukitia. Je, sisi tusio na cha kutia?

Swali hilo nilimpelekea kijana mmoja, fundi wa kompyuta. Alinijibu kwa swali.

"Mwalimu, mgeni usiyemjua vema humpokea wapi?"

"Barazani."

"Basi na huyu akae barazani."

Njia niliyokuwa nikiijua mimi ni kumjengea mgeni nyumba nzima, yaani mashine pepe yenye mfumo wake kamili. Nami ningalikuwa na mfumo wa kale wa kuulea pamoja na programu ya kale. Baraza ni nyepesi zaidi. Programu hukaa katika kompyuta ile ile, juu ya kiini kile kile cha Linux, ila huonyeshwa yale tu iliyopewa ruhusa kuyaona. Fikira yenyewe si ngeni: chroot ya Unix, ya mwaka 1979, iliweza kuifanya programu idhani folda moja tu ndiyo mzizi wa mafaili yote, na FreeBSD ikaleta jela zake mwaka 2000. Siku hizi hata nyumba imekuwa nyepesi; Firecracker, iliyotolewa na Amazon mwaka 2018, yaweza kuwasha mashine pepe ndogo kwa milisekunde 125, nazo ni thumuni ya sekunde.

Ili programu ya Windows ifanye kazi juu ya Linux, kijana alitumia Wine, mkalimani aliyeanza kutungwa mwaka 1993. Nikadhani mkalimani huyo ndiye uzio. Kumbe sivyo, kwa desturi Wine humfungulia mgeni diski nzima kwa jina la herufi Z. Uzio ni bubblewrap, iliyomzunguka mkalimani na mgeni wake pamoja. Humo hamna mtandao, wala barua zangu hazionekani. Folda ya kuingizia husomwa tu. Folda ya kadi ndiyo pekee iandikwayo. Kwa kuwa kisima ni kimoja, kiini cha Linux chenyewe hapana budi kitiwe viraka kila vitokapo, na jambo hilo alinikariria mara tatu.

Nami nikawa mwenye nyumba asiyependa milango. Nilimwomba anifungulie folda zangu zote, nipate kuepuka taabu ya kunakili. Alikataa kwa adabu. Nilikasirika, sasa naona haya kuikumbuka hasira ile.

Maana siku moja niliingiza orodha niliyoletewa na mwenzangu. Faili lilikuwa bovu, na programu, badala ya kulikataa, ikaziandika upya kadi zote kuanzia herufi M, zikawa alama zisizo maana. Nje ya uzio hapakuguswa kitu. Lakini uzio ule ulijengwa kuilinda nyumba na mgeni, haukujengwa kumlinda mgeni na nafsi yake. Na kadi zangu zilikuwa mikononi mwake. Kijana alikuwa na nakala mahali programu isipofika, ya siku nne kabla.

Katika siku nne zile mzee mmoja wa Pangani alikuwa amenieleza kwa simu ni saa ngapi upepo huacha kuitwa umande ukaanza kuitwa matlai. Nilikuwa nimeandika moja kwa moja katika kadi, si katika daftari. Nilipompigia tena, mwanawe ndiye aliyepokea, akaniambia kwamba mzee amezikwa jana yake. Kadi ya matlai sasa ina alama ya kuuliza.

Kila usiku natoa kadi ishirini, nikiziandika kwa mkono wangu katika faili la maandishi matupu, lisilohitaji mgeni wala mkalimani. Nimefika herufi K.