Ukuta Ulipomwangukia Buster

Ndugu msomaji, kabla sijakusimulia habari za mtu aliyekufa zamani, nikuambie kwanza hali yangu. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hata sipendi kuyataja. Tangu hapo naandika. Nina riwaya moja iliyojaa madaftari makubwa manne, na kalamu ananinunulia mama kwa hela ya vitumbua.

Mwezi uliopita bwana mmoja anayetengeneza filamu hapa mjini alisoma madaftari mawili, akaniambia, "Dogo, nakupa laki tatu taslimu." Nusura niruke! Kisha akaongeza: jina litakuwa lake, mwisho wa hadithi ataubadilisha, na madaftari yote atabaki nayo yeye.

Laki tatu, jamani. Nyumbani tulikuwa tunadaiwa kodi ya miezi miwili. Nikamwomba siku tatu za kufikiri.

Usiku wa kwanza nikaenda kujibanza kibandani kwa rafiki yangu, fundi simu. Huyu mshikaji ana ugonjwa wa sinema za kale. Akanifungulia moja ya mwaka 1928, Steamboat Bill, Jr., nyeusi na nyeupe, watu hawatoi sauti. Sikuwa na hamu nayo hata kidogo. Basi, dhoruba inavuma, na kijana mmoja mfupi amesimama mbele ya nyumba ya ghorofa. Mara ukuta wote wa mbele unamwangukia! Vumbi linatimka. Ukuta uko chini, na yeye bado kasimama wima, kwa kuwa dirisha la juu lilikuwa wazi na limepita sawasawa na mwili wake. Hacheki wala halii. Anatazama huku na huku, anatimua mbio.

"Ule ukuta ni wa kweli," rafiki yangu akasema. "Angesogea hatua moja tu, wangemzika."

Nilicheka mpaka nikasahau deni. Nikamuuliza huyo mtu ni nani.

Ni Buster Keaton. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, Marekani, wakati wazazi wake wakiwa safarini na maonyesho yao ya jukwaani. Bado mdogo kabisa wakamwingiza kazini. Baba yake alikuwa akimrusha jukwaani kama furushi, na nguo zake zilishonewa mpini wa sanduku ili ashikike vizuri. Humo ndimo alimojifunza kuanguka bila kuumia. Akagundua na jambo lingine: akicheka mwenyewe, watu hawacheki. Akikaza uso, ukumbi unavunjika mbavu. Uso ule wa jiwe akaubeba maisha yake yote.

Mwaka 1917 mchekeshaji Roscoe Arbuckle alimkaribisha studio mjini New York. Keaton amesimulia mwenyewe kwamba aliazima kamera akaifungua vipande vipande, aone inavyofanya kazi. Kuanzia 1920 akawa na kikosi chake. Hawakuandika kila kitu kabla. Walijua mwanzo na mwisho wa kisa, katikati wakapatafuta kazini. Wakikwama, wanaacha kamera, wanacheza besiboli hadi wazo lije. Mwaka 1926, kwa ajili ya The General, walidondosha garimoshi zima la kweli mtoni huko Oregon. Sinema hiyo haikurudisha fedha iliyotarajiwa, ingawa leo inahesabiwa miongoni mwa sinema bora za dunia.

"Sasa akaishia wapi?" nikauliza.

"Aliuza," fundi akajibu, macho kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

Ndugu msomaji, neno lile lilinichoma.

Ilikuwa 1928. Joseph Schenck, aliyekuwa mtayarishaji wake na pia shemeji yake, alimshawishi akasaini mkataba na kampuni kubwa ya MGM. Charlie Chaplin na Harold Lloyd walimwonya asiende. Akaenda. Mshahara ulikuwa dola 3,000 kwa wiki, fedha nyingi mno kwa zama zile. Lakini kikosi kikatawanywa, hadithi zikaandikwa na wengine, na vichekesho vikapangwa ofisini. Hakuwa tena na kauli. Jambo la ajabu ni kwamba baadhi ya sinema hizo dhaifu ziliuza kuliko The General! Kwa hiyo ukimwambia bosi kazi imeharibika, anakuonyesha daftari la mapato. Utambishia nini?

Keaton akazama kwenye pombe. Ndoa ikavunjika 1932, na mwaka uliofuata kampuni ikamtimua. Baadaye alirudi palepale kubuni vichekesho vya waigizaji wengine, kwa dola 100 kwa wiki. Katika kitabu cha maisha yake alikiri kuwa kusaini kule lilikuwa kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi yake.

Ila hakufia hapo. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, akatulia. Akaigiza na Chaplin katika Limelight ya 1952, akaonekana kwenye televisheni, sinema zake za zamani zikafufuliwa, na 1960 akapewa Oscar ya heshima. Alifariki tarehe 1 Februari 1966.

Siku ya tatu nilimfuata yule bwana. Nikamwambia, "Bosi, nakuuzia ruhusa ya kuitengeneza filamu mara moja. Jina langu libaki, na madaftari nabaki nayo mimi." Akanitazama, akacheka. "Dogo, wewe nani anakujua?" Akawasha gari.

Nilirudi kwa miguu huku magoti yakitetemeka. Sijui kama nilisimama penye dirisha au penye tofali. Njiani nilijilaumu, nikajisifu, nikajilaumu tena. Nilipomweleza mama, alinyamaza muda mrefu akikoroga unga wa mchele.

"Kodi nitaomba wanivumilie," akasema. "Wewe maliza kitabu chako. Lakini kuanzia kesho, mwanangu, saa kumi alfajiri unaamka na mimi kupika vitumbua."

Naandika haya mikono ikinukia mafuta. Daftari la tano nimelianza.