Tulipoteleza Juu ya Mlima wa Moto

Katika nchi ya Nicaragua, karibu na mji wa León, upo mlima wa moto uitwao Cerro Negro, maana yake Kilima Cheusi. Ulizuka mwaka 1850, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1999. Kimo chake ni mita 728.

Tuliupanda pamoja na watoto wetu, tumechukua mbao za kutelezea. Kileleni harufu ya kibiriti ilitujaa puani. Tukaketi juu ya mbao, tukateremka kwa kasi juu ya changarawe nyeusi, visigino vyetu ndivyo breki.

Binti yetu mdogo alikataa. Alishuka kwa miguu, ameshikwa mkono na mama yake. Kaka zake walipomcheka, tuliwakanya: mlima huo umelala tu, haukufa, na mwenye kuuogopa ana haki yake.