Ua wa Nyuma ya Nyumba

Atakaye kuyajua majira ya mwaka huku Endarasha na apite jikoni, atokee ua wa nyuma. Mvua za masika, tangu Machi, huotesha viazi, njegere na kabichi. Za vuli, tangu Oktoba, huirudia kazi hiyo. Julai ukungu hutanda mchana kutwa, nasi huota moto na kuponda mukimo. Mgeni hudhani mwezi huo ndio adui wetu.

Sivyo. Adui ni Januari, yenye jua zuri! Wingu ni blanketi la ardhi. Usiku usio na wingu wala upepo, joto la udongo hupotelea angani, hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni, na alfajiri sakitu hulala juu ya majani. Kabla ya adhuhuri jani la kiazi limekuwa jeusi, kana kwamba limepitiwa na moto, na chakula cha nyumba kimepungua.

Kwa hiyo magharibi, ndege chozi amalizapo kufyonza maua, mimi hutazama mashariki. Nikiona kilele cha Mlima Kenya ki wazi, hakina hata utepe wa wingu, huwaita watoto. Tunaifunika miche kwa nyasi kavu, tuta baada ya tuta, vidole vikifa ganzi. Kazi hiyo, nakwambia, naipenda kuliko kuvuna.