Kukaza si Kuimarisha

"Mwalimu, tosheni baa zako zimechoka," alisema fundi akiwa bado amelala chini ya gari langu. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya gereji, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Baa gani tena hilo limetufika?" Tulicheka sote watatu. Lakini ninyi wapenzi wa lugha mnajua kuwa baa ni janga, na siku zile neno hilo halikuwa mbali sana na ukweli wa nyumba yetu.

Gari lenyewe ni pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 2001, yenye milango minne na injini ya dizeli. Nililinunua kwa mtu, kwa kiinua mgongo nilichopata baada ya miaka 33 ya kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari. Kazi niliyolikusudia ni kuteremsha viazi na kabichi kutoka shambani kwetu, katika milima ya Usambara, hadi sokoni Lushoto. Kazi ya pili sikuipanga. Mke wangu aliteleza shambani akaumia pingili mbili za uti wa mgongo, na tangu hapo kila baada ya wiki mbili humpeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo. Kiinua mgongo kikarudi kwenye maana yake ya asili.

Wakati huo sehemu ya mbele ya gari ilikuwa imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Madereva wenzangu wa sokoni walinishauri nisihangaike na vipuri: zipo boliti mbili chini ya gari, ukizikaza linainuka. Nikazikaza mwenyewe, kwa jeki na spana, asubuhi moja tu. Gari likasimama wima, nami nikajipongeza kwa fedha nilizookoa.

Safari ya hospitali iliyofuata ndiyo iliyonifundisha. Kila tulipoingia shimoni, gurudumu la mbele lilianguka kwa kishindo cha chuma kwa chuma. Katikati ya mteremko mke wangu akaniwekea mkono begani. "Nishushe, nitembee." Nilidhani anatania. Akashuka, akateremka taratibu akiwa ameshika kiuno, nami nikamfuata nyuma kwa gia ya kwanza, kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Watu waliokuwa wakipanda mlima walimsalimu yeye, wakanitazama mimi. Sijapata kuona aibu kama ile mbele ya darasa lolote. Jioni aliniambia kuwa afadhali mazoezi ayafanyie nyumbani. Nilijua maana yake: ameacha matibabu.

Kesho yake nikarudi kwa fundi, ambaye nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeharibu."

Akaingia chini ya gari, akatoka, akajifuta mikono. "Hujaharibu, Mwalimu. Umekaza, lakini hukuimarisha." Kisha akanichorea mavumbini.

Mbele ya pikapu hii hakuna springi ya mzunguko tuliyoizoea. Kuna upau wa chuma ulionyooka, mmoja kila upande, umelala chini ya gari kuelekea nyuma. Ncha ya nyuma imefungwa kwenye chasisi isizunguke. Ncha ya mbele imeunganishwa na mkono unaoshika gurudumu. Gurudumu likipanda jiwe, upau husokotwa. Likishuka, upau hujisokotoa. Nilifurahi kuona kuwa lugha yetu ina vitenzi vyote viwili, sokota na sokotoa, tangu enzi za wasuka kamba. Nikamwambia fundi kuwa tunaweza kukiita upau wa msokoto. Upau ni neno la wajenzi, zile pau zinazobeba makuti ya paa, na watu wa kompyuta wamekwisha kuliazima. Akalitamka mara mbili, akasema, "Zuri, Mwalimu, lakini dukani utaje tosheni baa, usije ukauziwa nondo za kujengea."

Ile boliti, akaendelea, haiongezi nguvu ya upau hata chembe. Hubadilisha tu mahali msokoto unapoanzia. Gari huinuka kwa sababu mkono umesukumwa chini, na kwa hiyo gurudumu hubaki bila nafasi ya kushuka zaidi. Likikuta shimo, mkono hugonga kizuizi chake: ndicho kile kishindo. Isitoshe, vifundo vya ekseli za mbele hupindishwa kuliko vilivyokusudiwa. Mpira unaokifunika kimoja ulikuwa umekwisha kuchanika.

Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, nikafika Gerezani, ambako vipuri vya magari ni vingi kuliko subira ya mnunuzi. Muuzaji aliniwekea mezani aina tatu. Ya kwanza ilikuwa pau zilizotumika Japani, za bei nafuu. Fundi alikuwa amenionya kwamba upau unaposokotwa, mkazo mkubwa huwa kwenye ngozi yake, si moyoni. Kwa hiyo kutu iliyochimba au mkwaruzo mmoja waweza kuwa mwanzo wa ufa. Alinionya pia kuwa wa kushoto hauwekwi kulia, kwa kuwa kila mmoja umetayarishwa kiwandani kusokotwa upande wake. Nilipozigeuza kutazama herufi, zote mbili zilikuwa na L. Nikazirudisha.

Ya pili ilikuwa mpya, yenye unene uleule wa asili. Ya tatu ilikuwa mpya na nene zaidi, kutoka Australia, ya magari ya safari yanayobeba ngao nzito za chuma na winchi. "Mzee, hizi hazilali hata ubebe nini," muuzaji alisema. Moyo ukaniruka. Nikaona magunia ya viazi yakiongezeka, safari zikipungua, deni la mbolea likiisha. Nilikuwa nimekwisha kutoa fedha mfukoni nilipoona ni heshima kwanza nimpigie fundi simu.

"Mwalimu, viazi unabeba wapi?"

"Nyuma."

"Na pau hizo zinafungwa wapi?"

"Mbele."

Akanyamaza kidogo. "Na mbele anakaa nani?"

Nikarudisha fedha mfukoni. Akanieleza hesabu ambayo nimeihakiki baadaye kwa kalamu: urefu na aina ya chuma vikibaki vilevile, ugumu wa upau hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Toka milimita 20 kwenda 22, kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 10, lakini ugumu kwa asilimia 46. Nenda 25, ugumu ni zaidi ya mara mbili. Mbele pasipo na mzigo wa kuupinda, ugumu huo wote hulipwa na migongo ya waliokaa.

Ndani ya basi la kurudi niliyakumbuka madaftari ya wanafunzi wangu. Mwanafunzi aliyepungukiwa mizani moja hukimbilia kukaza: hurefusha neno kwa mazida pasipostahili, au hulikata kwa inkisari hadi likakosa pumzi. Mizani hutimia nane kwa nane, mstari ukasimama wima machoni, lakini ukiimbwa unagonga. Uhuru wa mshairi ni halali, ila kila neno lina kiasi chake cha msokoto. Kwa miaka yote ile niliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Usilikaze neno. Tafuta jingine." Nilijua kuwaambia watoto wa watu. Chini ya gari langu sikukumbuka.

Nilinunua zile za unene wa asili, pamoja na shokomzoba mpya za mbele. Fundi akanishauri pia tuitoe ngao ya chuma ambayo mwenye gari wa kwanza aliichomelea mbele. Niliipenda ngao ile; ilinifanya nionekane mtu wa safari. Tuliinua watu wawili, nikaiuza kwa uzito. Akafunga pau, akapima kimo pande zote mbili mpaka pakalingana, kisha akanituma mjini nikarekebishiwe mlingano wa magurudumu, kwani kimo kikibadilika, nao hubadilika. Magunia ninayobeba hayajaongezeka, na deni la mbolea bado ninalilipa kidogo kidogo.

Ilinichukua siku tatu kumshawishi mke wangu apande tena. Hakuahidi kitu ila kujaribu. Tulipofika kwenye ule mteremko nikapunguza mwendo hadi gari likawa linatambaa, macho yangu yakiwa kwenye mkono wake badala ya barabara. Mkono ulitulia pajani.

"Mbona unasimama?" akaniuliza. "Twende, Mwalimu. Tutachelewa."