Mgeni wa ufukweni Mikocheni



Somo yangu alinifundisha singo, kufukiza udi na namna ya kumpokea mume akirudi. Upweke hakunitajia. Nilipoletwa Mikocheni, fungate ilipokwisha mume wangu alirudi kazini. Alikuwa akifika nyumbani usiku kwa sababu ya foleni, na mimi nikishinda na mavyaa, ambaye nilimwogopa. Dirishani kulikuwa na kunguru tu, wale wale wa kwetu Unguja, ambao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar miaka ya 1890. Siku moja nilifunga sanduku nikaliweka nyuma ya mlango, nikingoja Ijumaa nipande boti.

Mavyaa aliliona sanduku. Hakuuliza kitu. Kesho yake baada ya sala ya alfajiri akaniita.

"Mwanangu!"

"Labeka mama."

"Vaa baibui tukatembee. Bahari imekupwa."

Tukashuka mpaka karibu na pale mto Mlalakuwa unapoingia baharini. Katikati ya chupa za plastiki alikuwapo ndege mdogo, mgongo wa rangi ya udongo, tumbo jeupe. Kila akipiga hatua mkia unapanda na kushuka, hautulii. Tulipomkaribia akaruka chinichini juu ya maji, akilia kwa sauti nyembamba.

"Kitwitwi huyo," mavyaa akasema. "Ni mgeni. Huja mwezi wa nane, huondoka mwezi wa nne."

Jioni nilimwambia mume wangu, akanitafutia kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki. Kumbe kitwitwi huyu huzaliwa mbali mno, kando ya mito na maziwa ya kaskazini, kwenye misitu ya misonobari ya Finland, Sweden na Urusi mpaka Siberia. Mama hutaga mayai manne chini kwenye majani. Baridi ikikaribia, kabla maji hayajawa barafu, huja kwetu. Uzito wake ni gramu 50 hivi, sawa na yai moja la kuku.

Lililonigusa zaidi ni hili: ndege wakubwa hutangulia kuondoka, na makinda hufuata nyuma peke yao. Safari yao ya kwanza hawana mama wa kuwaongoza, na mwambao wanaoujia hawajapata kuuona.

Asubuhi nilimhadithia mavyaa. Alinyamaza kidogo, akiendelea kukuna nazi.

"Mimi nililetwa hapa kutoka Pangani nina miaka kumi na tisa," akasema. "Nililia miezi mitatu jikoni. Mavyaa wangu alidhani ni moshi wa kuni."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Usiku ule nilitoa nguo zangu sandukuni nikazipanga kabatini. Ijumaa ilipofika sikupanda boti, nilikwenda ufukweni na mavyaa.

Surat Al-Mulk nimekuwa nikiisoma kabla ya kulala tangu nikiwa chuoni. Mna aya inayotutaka tuwatazame ndege juu yetu, kwamba hakuna anayewashikilia angani ila Ar-Rahman. Miaka yote hiyo niliisoma, na ndege nilikuwa sijamtazama.

Bi harusi, ukihamia ugenini usijifungie ndani ukalia peke yako. Mwombe mavyaa au wifi akutembeze asubuhi, maji yakiwa yametoka. Huhitaji darubini. Simama kimya, tazama ukingo wa maji, mtafute anayetikisa mkia. Na kama moyo umekuelemea, sema. Huenda aliye mbele yako naye aliwahi kusingizia moshi.

Allah awape maharusi wetu utulivu katika nyumba zao mpya, na awalainishie nyoyo za wanaowapokea. Amin.