Jiwe Kwanza

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima, kando ya ziwa Kivu. Baba mmoja wa huko alikuwa na Land Rover kuukuu. Motokari za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1948.

Siku moja shafti ya nyuma, upande wa kulia, ilikatika. Ya kushoto ilikuwa nzima, lakini motokari haikwenda. Kwa nini? Kati ya shafti hizo mbili mna meno ya chuma yanayogawa nguvu. Upande mmoja ukikatika, nguvu yote hupotelea huko. Hata breki ya mkono haishiki tena, kwa kuwa nayo hufanya kazi kwa njia ya meno yale yale.

Baba hakuwa na fedha za kununua ekseli nzima. Tena, chini ya kilima watoto walikuwa wakicheza. Basi, kabla ya kushika spana, alikinga magurudumu kwa mawe makubwa. Halafu akafungua bolti, akatoa vipande vyote vilivyovunjika, visije vikasaga meno. Akaosha kwa mafuta ya taa, akatia shafti nzima iliyotoka katika motokari mbovu, na mafuta mapya.

Mawe aliyaondoa mwisho kabisa. Motokari ikapanda kilima.